Kupima mtiririko wa hewa kwenye feni na mabomba ya kiwandani: mwongozo kwa mafundi wa Tabora na Kigoma

Feni nyingi zinazofungwa katika karakana za mbao, vinu vya mpunga na viwanda vya kuchambua pamba mkoani Tabora huja na kibandiko kinachotaja mita za ujazo za hewa na mgandamizo ambao feni inaweza kuutoa. Takwimu hizo kwa kawaida huandikwa kwa hewa yenye densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, yaani hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzijoto 20. Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto hewa yake haizidi sana kilo 1.0 kwa mita ya ujazo. Kigoma, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, iko chini zaidi, takriban mita 775, na hewa yake huwa karibu kilo 1.07. Mpimaji asiyeizingatia tofauti hiyo atapata majibu yenye makosa hata akitumia kifaa cha bei kubwa. Chanzo cha pili cha makosa ni mahali anapochagua kupimia. Ubora wa kifaa chenyewe, jambo ambalo mafundi hubishana juu yake zaidi, kwa maoni yangu huja nyuma ya hayo mawili.

Vifaa vinavyohitajika

Kifaa cha msingi ni neli ya Pitot yenye umbo la herufi L. Ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine: tundu la mbele, linaloelekea hewa inakotoka, hupokea mgandamizo wote, na vitundu vya ubavuni hupokea mgandamizo tuli, yaani ule usiotokana na mwendo wa hewa. Tofauti ya migandamizo hiyo miwili huitwa mgandamizo wa mwendo, na ndiyo inayotupa kasi ya hewa. Mhandisi Mfaransa Henri Pitot aliitumia mbinu hii mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Kilichoboreshwa ni umbo la neli.

Neli huunganishwa kwa mipira miwili na manomita, yaani kifaa cha kusoma tofauti ya mgandamizo, inayoweza kusoma hadi paskali 1. Manomita ya kidijitali ni rahisi kubeba, lakini manomita ya mrija ulioinamishwa, wenye maji au mafuta, bado ina thamani yake: haina betri, na ikiwekwa sawasawa kwa pima-maji haina cha kuharibika isipokuwa kuvuja. Milimita 1 ya maji ni sawa na paskali 9.81. Pamoja na hayo ziandaliwe kipimajoto, barometa, takometa ya kupima mizunguko ya feni, futi ya chuma, drili, na mkanda wa alumini wa kuzibia matundu.

Neli ya Pitot haifai kwa hewa inayokwenda polepole. Kwa hewa ya Tabora, kasi ya mita 3 kwa sekunde hutoa mgandamizo wa mwendo wa paskali 4.5 tu, na kosa la paskali 1 hapo ni kubwa mno. Kasi ikiwa chini ya mita 4 au 5 kwa sekunde, kama kwenye mdomo wa dirisha la kupitishia hewa au mbele ya kichujio kipana, itumike anemomita ya mapanga, yaani kipima-kasi cha hewa chenye mapanga yanayozungushwa na hewa yenyewe. Anemomita ya waya moto nayo husoma kasi ndogo vizuri, lakini ina mtego wake: hupima upoaji wa waya, na upoaji hutegemea uzito wa hewa inayopita, kwa hiyo kasi inayoonyeshwa ni ya hewa ya kilo 1.2. Mjini Tabora kasi halisi hupatikana kwa kuzidisha usomaji huo kwa 1.2 na kugawanya kwa densiti ya hewa ya siku hiyo, isipokuwa kama kifaa chenyewe kinaruhusu kuingiza mgandamizo wa mahali. Anemomita ya mapanga haina shida hiyo kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Hatua ya kwanza: kuiweka mashine katika hali inayojulikana

Kabla ya kugusa kifaa chochote, mpimaji aamue anataka kujua nini. Mtiririko wa feni yenye kichujio safi si sawa na wa feni hiyo hiyo baada ya wiki tatu za vumbi, na mtiririko wa bomba lenye malango (vizuizi vya kufungua na kufunga hewa) manne wazi si sawa na ule wa malango mawili. Hali ya kichujio, malango yaliyo wazi, na kama mashine inalishwa mbao au pamba wakati wa kupima, vyote viandikwe. Ni vyema kupima kwanza hewa tupu, bila mzigo.

Mizunguko ya feni ipimwe kwenye shafti yake, si kukadiriwa kutoka kwenye kibandiko cha mota, kwa sababu mkanda uliolegea huteleza. Umeme wa jenereta nao hubadilika: jenereta ikizidiwa na mzigo, masafa hushuka chini ya hezi 50 na mota hupunguza mwendo. Mtiririko hufuata mizunguko moja kwa moja. Feni iliyotakiwa kuzunguka mara 1,450 kwa dakika ikizunguka mara 1,380, hewa hupungua kwa karibu asilimia 5, na hakuna ubovu wowote ndani ya feni.

Hatua ya pili: kuchagua mahali pa kupimia

Hapa ndipo kipimo hushinda au hushindwa. Hewa inayotoka kwenye kona, kwenye lango lililofungwa nusu au kwenye mdomo wa feni haijajipanga. Upande mmoja wa bomba hukimbia, upande wa pili hulegea, na mara nyingine huzunguka kama uzi kwenye pia. Kanuni ya kawaida ni kupima mahali palipo na bomba lililonyooka lenye urefu usiopungua vipenyo 8 kabla ya kipimo na vipenyo 2 baada yake. Kwa bomba la milimita 400 hiyo ni mita 3.2 nyuma na sentimita 80 mbele.

Katika karakana nyingi urefu huo haupatikani, kwa kuwa bomba lilifungwa na fundi bati aliyefikiria nafasi ya ukuta, si kipimo. Mpimaji achague sehemu iliyonyooka kuliko zote, aiweke robo tatu ya urefu wake nyuma ya tundu na robo mbele, kisha aongeze idadi ya nukta za kupimia. Upande wa kunyonya, kabla ya feni, kwa kawaida hewa hutulia kuliko upande wa kusukuma, na mimi huupendelea kila unapopatikana.

Mzunguko wa hewa huchunguzwa kwa neli yenyewe. Neli ikiwa katikati ya bomba izungushwe taratibu kushoto na kulia hadi usomaji uwe wa juu kabisa. Ikiwa neli imelazimika kugeuka zaidi ya nyuzi 10 hivi kutoka mstari wa bomba, sehemu hiyo ihamwe, au kiwekwe kinyoosha-hewa, yaani fungu la mirija mifupi iliyopangwa ndani ya bomba kwa kufuata urefu wake. Manomita ikionyesha namba hasi katika nukta yoyote, hewa inarudi nyuma mahali hapo na kipimo hakifai. Hakuna hesabu inayoweza kukiokoa.

Hatua ya tatu: kupima bomba lenyewe

Eneo la mkato hutegemea kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo ni kosa la karibu asilimia 2 kwenye mtiririko. Kipenyo kinachotakiwa ni cha ndani. Kwa bati jembamba tofauti na cha nje ni ndogo, lakini bomba lililogongwa na kubonyea, au lenye tabaka la vumbi la mbao lililoganda chini, laweza kupotosha jibu kuliko manomita mbovu. Kipenyo kipimwe kupitia matundu, pande mbili zinazokingamana, na wastani wake utumike.

Hatua ya nne: matundu na alama za neli

Feni izimwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na funguo ikae mfukoni mwa anayetoboa. Tahadhari hii si ya kupita tu: cheche za drili ndani ya bomba lenye nyuzi za pamba au unga wa mbao huwasha moto unaosafiri hadi kwenye kichujio feni ikiwaka. Bomba lisafishwe karibu na tundu kabla ya kutoboa. Yatobolewe matundu mawili yanayokingamana kwa nyuzi 90, makubwa kidogo kuliko neli.

Kasi ya hewa haifanani kutoka ukutani hadi katikati, kwa hiyo usomaji mmoja wa katikati huzidisha mtiririko. Kwa bomba la duara, nukta sita kwa kila kipenyo huwekwa kwenye sehemu hizi za kipenyo kutoka ukuta wa karibu: 0.032, 0.135, 0.321, 0.679, 0.865 na 0.968. Nukta hizo zimepangwa ili wastani wa kawaida wa kasi zake ukaribie wastani wa bomba zima. Katika bomba la milimita 400 zinakuwa milimita 13, 54, 128, 272, 346 na 387. Umbali huo uwekewe alama kwenye shina la neli kwa kalamu isiyofutika au kwa vipande vya mkanda, ukihesabiwa kutoka katikati ya pua ya neli, na unene wa bati uongezwe. Bomba la mstatili hugawanywa katika vyumba vya eneo sawa visivyopungua 16, na kila chumba hupimwa katikati yake.

Hatua ya tano: densiti ya hewa

Densiti hupatikana kwa hesabu hii:

densiti = (P − 0.378 × e) ÷ (287 × T)

P ni mgandamizo kamili wa hewa ndani ya bomba kwa paskali, e ni mgandamizo wa mvuke wa maji, na T ni nyuzijoto za hewa hiyo zikiongezwa 273.

Kosa la kawaida kuliko yote hutokea kwenye P. Programu za hali ya hewa za simu na taarifa za viwanja vya ndege hutoa mgandamizo uliosahihishwa hadi usawa wa bahari, ndiyo maana Tabora huonyeshwa hektopaskali 1,013 au zinazokaribia hapo, wakati mgandamizo halisi wa mahali ni karibu 880, yaani kilopaskali 88. Itumike barometa iliyopo mahali pa kupimia na isiyosahihishwa. Isipopatikana, makadirio yanayotokana na mwinuko, kilopaskali 88 kwa mji wa Tabora na 92.4 kwa Kigoma mjini, ni bora mara nyingi kuliko namba ya simu. Baada ya hapo mvuto wa bomba upunguzwe: bomba la kunyonya lenye mgandamizo tuli wa paskali 1,200 chini ya hewa ya nje lina P pungufu kwa kiasi hicho. Upande wa kusukuma mgandamizo tuli huongezwa.

Joto lisomwe ndani ya bomba na kwa kila mzunguko wa vipimo. Kiangazi cha Tabora huweza kuanza asubuhi na nyuzijoto 16 na kufika 30 mchana, na hiyo pekee ni tofauti ya karibu asilimia 5 ya densiti. Unyevu una uzito mdogo zaidi. Katika miezi ya ukavu, wakati pamba inachambuliwa, mvuke unaweza kuachwa bila hasara. Usiachwe kwenye bani (banda la kukaushia) la tumbaku lenye feni katika kipindi cha kugeuza majani kuwa ya manjano: hewa ya nyuzijoto 38 yenye unyevu wa asilimia 90 hupoteza karibu asilimia 2.6 ya densiti yake kwa sababu ya mvuke.

Hatua ya sita: kusoma

Mpira wa mgandamizo wote uingie upande wa kujumlisha wa manomita, na wa mgandamizo tuli upande wa kutoa. Manomita irudishwe sifuri feni ikiwa imezimwa au mipira ikiwa wazi. Pua ielekee hewa inakotoka, shina lisimame kwa nyuzi 90 dhidi ya bomba, na tundu lisilotumika lizibwe. Katika kila nukta mpimaji asubiri namba itulie, kisha achukue wastani wa sekunde 10 hadi 20 badala ya kuokota namba inayompendeza. Kipenyo kipimwe kwenda na kurudi. Usomaji wa kurudi ukitofautiana sana na wa kwenda, kuna kitu kimebadilika, mara nyingi vumbi limeziba vitundu. Neli hupulizwa kutoka nyuma ikiwa imeng'olewa kwenye manomita, kwani pumzi ya mtu yatosha kuharibu kihisio laini. Penye vumbi la kudumu itumike neli ya umbo la S yenye midomo mipana, ambayo kasi yake huzidishwa kwa kizigeu chake, yaani namba ya marekebisho ya neli hiyo, kwa kawaida karibu 0.84.

Hatua ya saba: hesabu, kwa mfano wa bomba kuu la karakana ya mbao

Tuchukue bomba la kunyonya la milimita 400, barometa ikisoma kilopaskali 88.2, mvuto wa bomba paskali 1,200 na hewa ya nyuzijoto 30. P ni paskali 87,000 na T ni 303, kwa hiyo densiti ni 87,000 ÷ (287 × 303), yaani kilo 1.00 kwa mita ya ujazo.

Kipenyo cha kwanza kimetoa paskali 148, 190, 222, 230, 201 na 155. Cha pili 139, 182, 216, 225, 196 na 151. Kila namba itafutiwe kipeuo chake cha pili kwanza, ndipo vipeuo vijumlishwe na kugawanywa kwa 12. Hapa wastani wa vipeuo ni 13.66. Kasi ni wastani huo ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2 ÷ densiti, yaani 13.66 × 1.414, sawa na mita 19.3 kwa sekunde. Eneo la bomba ni mita za mraba 0.1257, kwa hiyo mtiririko ni mita za ujazo 2.43 kwa sekunde, au karibu 8,740 kwa saa.

Wapo wanaotafuta wastani wa paskali kwanza na kipeuo kimoja mwishoni. Katika mfano huu wangekosea kwa chini ya nusu ya asilimia, kwa kuwa hewa imejipanga vizuri. Lakini bomba ambalo nusu yake ina paskali 400 na nusu nyingine 25 lingewapa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 17. Njia fupi huwa salama pale tu ambapo haihitajiki.

Sasa tuangalie gharama ya kuisahau densiti. Manomita nyingi za kidijitali huonyesha kasi moja kwa moja zikichukulia kilo 1.2, na hapa zingeonyesha mita 17.6 kwa sekunde badala ya 19.3. Vumbi la mbao huhitaji takriban mita 18 hadi 20 kwa sekunde ili lisitulie ndani ya bomba. Mwenye karakana angeambiwa feni ni dhaifu, angebadilisha puli ili kufidia asilimia 9.5 zinazoonekana kupungua, na kwa kuwa nguvu ya feni hufuata mizunguko kwa kipeo cha tatu, angeongeza mzigo wa mota kwa asilimia 31 kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya nane: kuhakiki jibu

Jumla ya mitiririko ya matawi ilingane na ya bomba kuu. Tofauti inayozidi asilimia 5 huonyesha uvujaji kwenye maungio au tawi lililopimwa vibaya, na bomba la kunyonya huvuja bila sauti wala vumbi la kuonekana. Kipimo kilichofanywa kwa uangalifu katika karakana ya kawaida kitegemewe kwa asilimia 5 hivi. Anayetoa ripoti ya mita za ujazo 2.4273 anajidanganya. Mahali ambapo mkataba unadai usahihi zaidi, jaribio lifanywe kwa kufuata viwango vya kimataifa, ISO 5801 kwa feni, au ISO 3966 kwa neli ya Pitot ndani ya bomba lililofungwa, na manomita iwe na cheti cha ulinganishaji, huduma ambayo hutolewa na maabara ya vipimo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Hatua ya tisa: kulinganisha na kibandiko

Feni inayozunguka kwa mwendo ule ule kwenye mfumo ule ule wa mabomba hupitisha mita za ujazo zile zile Dar es Salaam na Tabora. Kinachopungua ni mgandamizo, uzito wa hewa na nguvu inayotumika, vyote kwa uwiano wa densiti. Mgandamizo uliopimwa uzidishwe kwa 1.2 na kugawanywa kwa densiti iliyopimwa, ndipo ulinganishwe na mchoro wa mtengenezaji. Feni iliyoahidi paskali 1,800 ikitoa 1,500 kwenye hewa ya kilo 1.0 haina kasoro. Kama kazi yake inategemea uzito wa hewa, kama kupuliza moto au kukausha mpunga, upungufu huo ni wa kweli kwa mtumiaji ingawa mtengenezaji hana kosa.

Feni ikihamishwa kutoka Tabora kwenda Kigoma, mota itabeba mzigo zaidi kwa karibu asilimia 5 kwa joto lile lile, na ampia zake zipimwe upya. Hatari kubwa zaidi iko kwenye feni za kuvuta moshi wa boila, mfano katika usindikaji wa mawese. Moshi wa nyuzijoto 180 mjini Kigoma una densiti ya karibu 0.71, ilhali feni hiyo ikijaribiwa boila likiwa baridi hunyonya hewa ya 1.07 na kudai nguvu zaidi kwa nusu nzima. Lango lake lifungwe sehemu kubwa wakati wa kuwasha, na ampia zifuatiliwe kabla ya kulifungua.

Hatua ya kumi: kumbukumbu

Ripoti iwe na namba ghafi za kila nukta, si jibu la mwisho peke yake, pamoja na mchoro wa bomba unaoonyesha umbali wa matundu kutoka kona iliyo karibu, barometa, joto, mvuto, mizunguko ya feni, ampia, hali ya kichujio na malango yaliyokuwa wazi. Mtiririko uandikwe pamoja na densiti yake. Matundu yazibwe kwa kizibo cha mpira na kufunikwa mkanda wa alumini, na yawekewe alama ya rangi kwenye bomba ili mpimaji wa msimu ujao atumie matundu hayo hayo.